Mwezi wa Plasta na Mwezi wa Ukweli

Kama simu yako inakupea picha ya mwezi yenye makovu yote, kali utadhani imepigwa na chombo cha angani, jiulize swali moja dogo: hayo makovu simu imeyatoa wapi? Lenzi yenyewe ni ndogo kuliko ukucha wako wa kidole gumba. Na mwezi uko kilomita kama 384,000 kutoka hapa.

Machi 2023 kuna msee alijiuliza hivyo hivyo, akafanya jaribio ambalo mpaka leo nalipenda. Alichukua picha nzuri ya mwezi, akaipunguza ikabaki nukta 170 kwa 170, akaitia ukungu mpaka hakuna shimo hata moja lililoonekana. Akaiweka kwenye skrini ya kompyuta, akazima taa, akasimama upande ule mwingine wa chumba na kuipiga kwa Samsung Galaxy S23 Ultra. Simu ikamrudishia mwezi wenye mashimo. Mashimo ambayo kwenye skrini hayakuwepo! Kampuni ilieleza baadaye kwamba kamera ikiutambua mwezi, AI inaongeza undani wa picha, na kwamba asiyetaka anaweza kuizima hiyo kitu. Sawa. Lakini hebu niambie, wewe unajua watu wangapi wameizima?

Nauliza kwa sababu mimi hupiga mwezi kwa darubini, nyuma ya nyumba yetu Rongai, kando ya kamba ya kuanika nguo. Ni darubini ya kioo cha milimita 114, ya mtumba, haina mota. Nikiposti picha, maoni huwa ya aina mbili. Wa kwanza anasema, "Hii ni AI." Wa pili anasema, "Simu ya beshte yangu inatoa poa kuliko hii." Picha ni ile ile moja. Kwa mmoja ni safi mno haiwezi kuwa ya kweli, kwa mwingine ni chafu mno haina maana. Na hii si stori ya mwezi pekee. Tunaishi mahali ambapo picha ya maandamano ikitoka tu, kuna mtu tayari ameshasema imetengenezwa. Kwa hivyo swali la picha gani ni ushahidi na gani ni urembo linatuhusu sana, na mwezi ni mahali pazuri pa kuliangalia, maana wasee walianza kuvutana nalo hapo zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Turudi 1840, New York. Upigaji picha ulikuwa umetangazwa Paris mwaka mmoja tu kabla. Mtindo uliokuwepo ni wa Daguerre: unachukua bamba la shaba lililopakwa fedha, unalifukiza kwa iodini, unaliweka kwenye mwanga, kisha unalitoa picha kwa mvuke wa zebaki. Ndiyo, zebaki, ile sumu. John William Draper, mwalimu wa kemia chuo kikuu pale New York, akaamua kuelekeza hayo mambo kwa mwezi. Alikuwa na miaka 28. Alihitaji kama dakika 20 kupata picha moja, na mwezi uliotoka ulikuwa na upana wa inchi moja hivi. Mwezi mwingi tunaouona kwa simu siku hizi umepigwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hivyo fikiria dakika 20.

Shida ya dakika 20 ni kwamba mwezi hausimami. Dunia inazunguka, na kwa dakika mbili tu mwezi unasogea angani umbali sawa na upana wake wote. Kama una darubini isiyo na mota kama yangu unalijua hili vizuri: unaupata mwezi, unageuka kuchukua simu, ukirudi umetoka kwenye lenzi. Kwa hivyo hao wasee walihitaji mtambo kama wa saa ya ukutani wa kuzungusha darubini polepole ifuate anga, na mitambo ya wakati huo ilikuwa inarukaruka.

Harvard walikuwa na darubini kubwa, lenzi ya inchi 15, moja ya kubwa kabisa duniani wakati huo. Mkuu wa pale, William Cranch Bond, hakuwa mpiga picha. Mpiga picha alikuwa John Adams Whipple, mtu wa studio mjini Boston, wa kukupiga wewe na familia yako kwa malipo. Napenda sana kwamba kazi hii ilimhitaji mtu wa studio. Mwaka 1851 picha yao ya mwezi ilipelekwa kwenye Maonyesho Makuu ya London, ikapata tuzo na watu wakashangaa.

Kati ya waliosimama mbele ya hiyo picha alikuwepo mwanaume anaitwa Warren De la Rue. Jina hilo si geni kwako. Baba yake, Thomas, ndiye aliyeanzisha kampuni ya De La Rue, hao hao waliochapa noti za shilingi yetu kwa miaka mingi na walikuwa na kiwanda hapa Nairobi. Wakati ule walikuwa watu wa karata na vifaa vya kuandikia, na Warren alikuwa ameleta kwenye maonyesho hayo mashine ya kukunja bahasha. Alikuja kuonyesha bahasha akaondoka na mwezi kichwani.

Nyumbani kwake London alikuwa na darubini ya kioo cha inchi 13 ambacho alikuwa amekisugua mwenyewe. Mwishoni mwa 1852 akaanza kupiga mwezi kwa njia mpya: unapaka kioo dawa inayoitwa kolodioni, unakichovya kwenye maji ya chumvi ya fedha, unapiga picha na kuisafisha dawa ikiwa bado mbichi. Ikikauka, umepoteza. Faida yake ni kwamba badala ya dakika 20 sasa ilikuwa sekunde 10 hadi 30. Na kwa kuwa hakuwa na mtambo wa saa, aliufuata mwezi kwa mkono kwa hizo sekunde zote. Jaribu siku moja kufuata kitu kwa mkono sekunde 30 bila kutetemeka, ndipo utamheshimu. Aliiacha kazi hiyo kwa muda, akairudia 1857 alipohamia Cranford, nje kidogo ya jiji, na safari hii darubini ilikuwa na mtambo.

Hapo ndipo alifanya kitu ambacho kwangu mimi kinamaliza ubishi wa picha gani ni ya kweli. Unajua mwezi hutuonyesha uso mmoja tu. Lakini si uso mmoja kabisa, kwa sababu njia yake si duara kamili na umeinama kidogo, kwa hivyo tukiuangalia miezi na miaka unakuwa kama mtu anayetikisa kichwa taratibu: leo unaona kidogo zaidi ya shavu hili, siku nyingine shavu lile. Ukijumlisha yote, tunaweza kuona asilimia 59 ya mwezi kutoka hapa chini. De la Rue akachukua picha mbili zenye mwanga unaofanana lakini zilizopigwa wakati mwezi umegeuza kichwa tofauti, akaziweka pamoja kwenye kile kifaa cha kutazamia picha mbili, jicho moja kila picha. Mwezi ukatoka kwenye karatasi. Ukawa tufe, kama chungwa mbele ya uso wako.

Angalia kilichotokea. Hizo picha hazikuwa kali. Zilikuwa na ukungu, na mashimo madogo hayaonekani. Lakini ndani yake kulikuwa na habari ambayo hakuna mtu aliyeiweka kwa mkono, ile tofauti ndogo ya kugeuka. Iliingia yenyewe na mwanga. Ukungu ulikuwepo na ukweli ulikuwepo, pamoja.

Wakati huo huo New York kulikuwa na Lewis Rutherfurd. Huyu alikuwa wakili. Mwaka 1849 akaacha uwakili kabisa ili ashughulike na nyota. Mimi niliacha chuo, yeye akaacha mahakama, na tofauti yetu ndogo ni kwamba yeye na mkewe walikuwa na pesa. Alijenga kituo chake kwenye bustani ya nyumba, kona ya Second Avenue na mtaa wa 11, katikati ya Manhattan. Nyuma ya nyumba, bana, kama mimi na kamba yangu ya nguo, ila yake ilikuwa na kuba.

Rutherfurd aligundua kwamba lenzi nzuri kwa jicho si nzuri kwa dawa ya picha. Jicho linapenda mwanga wa manjano na kijani, dawa za wakati ule zilikuwa zinakula mwanga wa buluu, na lenzi haikusanyi rangi zote mahali pamoja. Kwa hivyo mwaka 1864 akapata lenzi ya inchi 11 na robo iliyosuguliwa kwa ajili ya dawa pekee, ambayo ukiweka jicho huoni kitu cha maana. Picha yake ya Machi 6, 1865 ni mojawapo ya picha bora kabisa za mwezi za karne ile. Nikiiangalia hadi leo naona aibu kwa niaba ya simu.

Lakini hata ya Rutherfurd haikufikia jicho. Hili watu wengi hawajui: kwa miaka mingi sana mtu aliyechungulia kwenye darubini aliona vitu vidogo kuliko picha yoyote. Sababu ni hewa. Umewahi kuangalia kitu juu ya jiko la makaa likiwa limewaka? Kinacheza. Sasa hewa yote iliyo juu yetu ni jiko la namna hiyo, na huku kwetu mabati yaliyochomwa na jua mchana kutwa hutoa joto mpaka usiku, kwa hivyo nikielekeza darubini juu ya paa la jirani mwezi unachemka kama uji. Jicho lina akili: linangoja ile nusu sekunde hewa imetulia, linashika, linakumbuka. Kioo cha kolodioni kinakusanya kila kitu, kutulia na kuchemka, na kukichanganya.

James Nasmyth hakuridhika na hali hiyo. Alikuwa injinia Mskoti, maarufu kwa nyundo ya mvuke iliyompa utajiri, akastaafu akiwa na miaka 48 ili acheze na darubini zake. Kwa miaka mingi alichungulia mwezi na kuuchora. Picha za darubini zilimwonyesha kidogo kuliko alichokiona kwa macho. Basi akafanya hivi: akachukua michoro yake, akajenga mwezi kwa plasta. Milima, mashimo, mabonde, yote kwa plasta. Akaitoa nje, akaielekeza jua liipige kutoka upande mmoja ili vivuli viwe virefu, akaipiga picha.

Mwaka 1874 yeye na James Carpenter, aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo cha nyota cha Greenwich, wakatoa kitabu kuhusu mwezi chenye hizo picha. Bado ni nzuri kupita kiasi. Ukimwonyesha mtu leo bila kumwambia, anaapa zimetoka angani. Kwenye kitabu hicho hicho kuna ukurasa wenye picha mbili kando kwa kando: mgongo wa mkono wa mtu mzee na tufaha lililonyauka. Nasmyth alitaka kuonyesha kwamba milima ya mwezi ilitokea kama makunyanzi, ulimwengu umepoa, umesinyaa, ngozi imejikunja.

Nasmyth hakudanganya mtu. Alisema wazi kwamba hizi ni sanamu, kwamba alizichonga kutokana na michoro, na kwa nini. Kwa hilo simlaumu hata kidogo.

Lakini plasta ilibeba kitu kingine, ilibeba mawazo yake. Kwenye sanamu zake milima ni mikali, imechongoka kama meno ya papa. Kwa nini? Kwa sababu jua likiwa chini, kilima kidogo hutupa kivuli kirefu chenye ncha. Simama barabarani saa 12 jioni uangalie kivuli chako, utadhani wewe ni mrefu kuliko mlingoti wa stima. Nasmyth aliona vivuli vyenye ncha, akachonga milima yenye ncha. Na mashimo aliyachonga kama volkeno, kwa sababu aliamini ni volkeno zilizorusha moto juu na majivu yakaanguka mduara.

Mwaka 1971 Apollo 15 ilitua chini ya milima ya Apenini ya mwezini, safu kubwa kweli kweli. Picha zikarudi. Milima ilikuwa ya mviringo, laini, mikubwa lakini imelala, zaidi kama Ngong ninavyoiona kutoka Rongai kuliko meno ya papa. Na yale mashimo, karibu yote, si volkeno. Ni makovu ya mawe yaliyoanguka kutoka angani. Hata makunyanzi ya tufaha hayakutengeneza ile milima. Picha iliyokuwa kali kuliko zote za karne ile ndiyo iliyokuwa imejaa makisio, na ile ya De la Rue yenye ukungu haikuwa na kosa hilo kwa sababu haikuwa na mahali pa kuliweka.

Sasa unaelewa kwa nini ile simu ya 2023 inanikera. Ni plasta. Imeangalia picha nyingi za mwezi zilizopigwa na watu wengine, ikajifunza mwezi unatakiwa kuonekanaje, na ukiielekezea duara jeupe inakuchongea. Kwa mwezi inabahatika, maana mwezi haubadiliki na uso ni ule ule, kwa hivyo inakisia vizuri. Lakini Nasmyth aliandika kwenye kitabu chake kwamba hii ni plasta. Simu inakuachia uamini umepiga wewe.

Najua kuna mtu atasema, na wewe je, si hata wewe unasafisha picha zako kwa kompyuta? Ndiyo, nasafisha. Huwa nachukua video ya dakika moja au mbili, halafu kuna programu za bure, AutoStakkert ni moja, zinazopitia fremu zote, zinachagua zile ambazo hewa ilikuwa imetulia na kuzilaza moja juu ya nyingine. Kwenye fremu 2,000 naweza kubaki na 200. Hiyo ndiyo kazi ile ile jicho la Nasmyth lilikuwa likifanya, kungoja ile nusu sekunde. Kutupa fremu mbaya si sawa na kuleta shimo ambalo mwanga haukulileta. Kuna mahali katikati pana utata, kwa mfano ukikaza makali ya picha kupita kiasi unaanza kuona mistari ambayo haipo, na mimi hapo huwa naacha mapema. Lakini utata wa katikati haufanyi pande mbili ziwe kitu kimoja.

Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa haya. Mwezi wa Ramadhani ukitafutwa jioni, anayesema ameuona huulizwa: uliuona ukiwa wapi, saa ngapi, ulikuwa na nani. Habari ya mwezi huja na mtu wake. Picha nayo naitaka hivyo. Rutherfurd ana tarehe, ana mtaa, ana lenzi ya inchi 11 na robo. Mimi nina Rongai na kamba ya nguo.

Kuna kitu kimoja zaidi kuhusu hizi picha za zamani. Karibu zote zimepigwa Ulaya na Marekani, na kwenye vitabu vyetu vya shule mwezi umesimama vile wao wanauona, kaskazini juu. Sisi tuko kwenye ikweta. Mwezi mchanga wetu unalala chali kama dau, na mwezi kamili ukichomoza mashariki, kaskazini yake iko upande wa kushoto. Nimeona watu wa hapa hapa wakipiga mwezi vizuri halafu wanauzungusha ufanane na wa kitabu. Kwa nini?

Kama unataka kujaribu, usingoje mwezi mpevu. Mwezi mpevu umepigwa na jua usoni, hauna vivuli, ni sahani. Ngoja nusu ya kwanza, ambayo kwetu inakuwa karibu na utosi mida ya saa 12 jioni, na uangalie ule mstari ambapo mwanga unakutana na giza. Siku mbili hivi baadaye shimo la Copernicus, lenye upana wa kilomita 93, linaanza kutoka gizani: ukingo unashika jua kwanza, katikati bado ni kisima cheusi. Si lazima ununue darubini. Azima, au ungana na wenye nayo. Shika simu kwenye lenzi ya kuchungulia, zima ile AI ya kurembesha, na upunguze mwanga kwa mkono kuliko simu inavyotaka. Mwezi ni jiwe lililo juani na rangi yake karibu ni ya lami iliyozeeka, ila simu inaona giza pembeni inachanganyikiwa, inakupea taa ya mat. Chukua video ya dakika moja. Ukiposti andika chini yake saa, mahali na darubini, na uuache mwezi umelala vile ulivyokuwa umelala.